Gari la kurudi nalo nyumbani

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu anayeishi Milton Keynes alinipigia simu saa tatu za usiku akiwa njiani kwenda kazini. Anafanya kazi ya kuwahudumia wazee, zamu ya usiku, na simu zake kwa kawaida huwa fupi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kuna nini, mbona saa hizi?"

"Nimepata gari. La juu, la dizeli, linavuta magurudumu yote manne, la mwaka 2013. Wanataka pauni 4,500. Nalitumia miaka miwili, halafu nalipakia melini naondoka nalo."

Nilimuuliza swali moja tu: "Unaondoka lini?" Akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kicheko kile nakijua. Nilikicheka mwenyewe mwaka 2018.

Ndugu msomaji, leo naomba niziweke siasa kando na nizungumzie magari, ingawa wanaonijua wanajua kuwa ni siasa hizo hizo zilizonileta huku. Nazungumzia yale magari ya juu kidogo, si shangingi wala si gari la chini: RAV4, CR-V, X-Trail, Qashqai, Tucson, Sportage na ndugu zao. Hayo ndiyo kila Mswahili wa hapa Uingereza anayatamani akishapata kazi ya kudumu, na hayo ndiyo nyumbani wanayotuagiza. Na hayo ndiyo yanayotumalizia fedha bila ya sisi kujua zimekwenda wapi.

Niliondoka nyumbani mwaka 2017. Sababu ilikuwa kalamu, na hadithi hiyo sitairudia leo. Nilipofika London nilijiambia ni miaka miwili, mitatu ikizidi sana. Mambo yatatulia na nitarudi. Kila kitu nilikinunua kwa macho ya mtu aliye safarini. Kabati sikununua, nguo zangu zilikaa ndani ya masanduku. Lakini gari nililinunua, tena la nguvu, kwa kuwa niliona hicho ndicho kitu pekee nitakachoondoka nacho.

Lilikuwa la dizeli, la magurudumu manne ya kuvuta, la mwaka 2012. Nilitoa pauni 8,200, na nusu yake ilikuwa fedha ya mchezo tuliokuwa tukiucheza watu kumi kila mwezi. Jina la gari silitaji, maana kosa halikuwa la gari, lilikuwa langu. Nilipiga hesabu ya Dar es Salaam: pale lingeuzwa kwa kiasi gani, na njia ya kwetu shamba ingepitika vipi wakati wa masika. Sikupiga hesabu ya Barking ninakoishi, ambako safari yangu ndefu ilikuwa maili 4 kwenda kwenye ghala nilikokuwa nikibeba maboksi, na maili 4 kurudi.

Magari ya dizeli ya miaka hiyo yana chujio la masizi kwenye njia ya moshi. Chujio hilo hujisafisha gari likikimbia kwa kasi, kwa muda, injini ikiwa imepata moto wa kutosha. Gari linalotambaa mitaani maili 4 halipati moto huo. Mwaka 2020 chujio liliziba na fundi akanidai pauni 1,100. Mtu mmoja alinishauri nilikate na kulitupa, kama wanavyofanya mafundi wa nyumbani. Hapa ukifanya hivyo, gari linaanguka kwenye ukaguzi wa mwaka, yaani MOT, na sheria hiyo ipo tangu Februari 2014. Nikalipa.

Kisha ikaja tarehe 29 Agosti 2023. Siku hiyo eneo la ULEZ, ambamo magari yanayochafua hewa hutozwa ada, lilipanuliwa likachukua mitaa yote ya London. Dizeli isiyofikia kiwango cha Euro 6, na hizo ni karibu zote zilizosajiliwa kabla ya Septemba 2015, hulipa pauni 12.50 kwa kila siku inayotembea, isipokuwa siku ya Krismasi. Mwenye kwenda kazini siku 5 kwa wiki, wiki 48 kwa mwaka, analipa pauni 3,000. Gari langu lenyewe wakati huo halikufika thamani hiyo.

Nikasema basi, nalipande meli hata kama mimi sipandi ndege. Binamu yangu aliyeko Dar akaingia kwenye kikokotoo cha magari cha TRA. Gari lilikuwa limeshafikisha miaka 11. Juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, gari la abiria lililozidi miaka 10 hubebeshwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Nafuu ipo: sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu anayehamia nyumbani moja kwa moja kuingiza gari moja bila ya ushuru, mradi awe amelimiliki na kulitumia huko nje kwa miezi 12 angalau. Miezi hiyo mimi nilikuwa nayo mara tano. Kilichokosekana ni mwenye gari kurudi. Nafuu ile ni ya mtu anayerudi, si ya gari linalorudi.

Mwisho wake nililipeleka kwenye mpango wa Meya wa London wa kuyaondoa magari ya namna hiyo barabarani. Nilipewa pauni 2,000 na gari likaenda kuvunjwa. Toa 2,000 kwenye 8,200, inabaki hasara ya pauni 6,200. Kwa miaka 5 ni pauni 1,240 kila mwaka, kabla ya tone la mafuta, kabla ya bima, kabla ya fundi. Fedha hiyo ingelipa ada za watoto wawili wa dada yangu, na kila nikiongea na dada naikumbuka.

Hoja yangu basi ni hii. Sisi wa ughaibuni tunanunua gari kwa bei ya soko tusilokuwapo, na tunalilisha kwa gharama za soko tulilopo. Tunasema "hili halipotezi thamani" bila ya kujiuliza: thamani ya wapi, na ya siku gani? Bei ya kuuzia ni kitu cha kweli ikiwa unajua utauza wapi na lini. Usipojua, hiyo si hesabu, ni matamanio. Na matamanio ya kurudi, ambayo kwa wengi wetu hayana tarehe, yasiachiwe kutuchagulia gari.

Anayetaka kununua gari la mtumba na apige hesabu nne, azipige kwenye karatasi.

Ya kwanza ni ya kitakachobaki. Watu wengi huangalia bei ya kununulia tu. Tuseme gari la kwanza linauzwa pauni 6,000, na baada ya miaka 4 utaliuza pauni 3,800. La pili linauzwa pauni 4,500, na baada ya miaka hiyo hiyo utapata pauni 1,200. La kwanza limekula pauni 2,200, la pili 3,300. Lililoonekana rahisi ndilo ghali. Utajuaje litauzwa kiasi gani? Tazama leo matangazo ya gari la aina ile ile lenye umri wa miaka 4 zaidi ya hilo unalolitaka, na maili zaidi kwa kiasi utakachotembea wewe. Bei hiyo, punguza kidogo kwa kuwa mnunuzi ataomba apunguziwe, ndiyo makisio yako. Kazi hiyo ni ya nusu saa tu.

Ya pili ni ya mafuta. Tuchukulie unatembea maili 8,000 kwa mwaka na lita ya petroli ni pauni 1.40. Gari linalokwenda maili 30 kwa galoni litakunywa lita zipatazo 1,212, nazo ni karibu pauni 1,700. Linalokwenda maili 45 litakunywa lita kama 808, karibu pauni 1,130. Tofauti ni zaidi ya pauni 560 kila mwaka. Lakini ukitembea maili 3,000 tu, tofauti inashuka hadi pauni 210 hivi, na hapo haibridi ya bei kubwa huenda isirudishe fedha yake. Kwa hiyo usiulize "gari gani linabana mafuta?" kabla ya kujiuliza "mimi natembea maili ngapi?"

Ya tatu ni ya kodi na ada. Magari yaliyosajiliwa kati ya Machi 2001 na Machi 2017 hulipiwa kodi ya barabara kufuatana na hewa ya kaboni inayotoka. La petroli linalotoa zaidi ya gramu 225 kwa kilomita, likiwa limesajiliwa kuanzia tarehe 23 Machi 2006, linalipa zaidi ya pauni 700 kwa mwaka. Pacha wake aliyesajiliwa siku moja kabla ya hapo analipa mamia ya pauni chini yake. Kuanzia Aprili 2017 mengi hulipa kiwango kimoja, karibu pauni 200, ila yale yaliyouzwa yakiwa mapya kwa zaidi ya pauni 40,000 huongezewa zaidi ya pauni 400 kila mwaka kwa miaka 5 kuanzia mwaka wake wa pili. Wapo walionunua haibridi nzuri ya miaka mitatu wakakutana na nyongeza hiyo baada ya kusaini. Ukiwa London, au ndugu zako wako London na unawatembelea, angalia pia ULEZ. Petroli ya kuanzia mwaka 2006 kwa kawaida haina tatizo. Yote haya yanajulikana kwa namba ya gari tu, kwenye tovuti za serikali, bure.

Ya nne ni ya fundi. Hapa Uingereza tuna neema ambayo nyumbani haipo: matokeo ya MOT ya kila gari, tangu mwaka 2005, yanasomeka bure kwenye tovuti ya serikali. Utaona lilianguka kwa sababu gani, utaona kutu ya chini iliyotajwa mwaka baada ya mwaka, na utaona maili kila lilipokaguliwa. Gari lililokuwa na maili 96,000 mwaka jana na leo lina 71,000, mwachie mwenyewe. Hizo ni dakika tano za kusoma, lakini nimeona watu wazima wanaozisoma sheria za uhamiaji nukta kwa nukta wakitoa pauni 5,000 taslimu kwa gari wasilolisoma hata mstari mmoja.

Sasa, gari gani? Maoni yangu ni ya mtu aliyekwishaungua, si ya fundi. Kwa anayeishi mjini, petroli isiyo na turbo ya lita 2.0, kama ilivyomo ndani ya CR-V na RAV4 nyingi, ndiyo yenye mambo machache ya kuharibika. Injini hizo za karne hii hutumia mnyororo badala ya mkanda wa taiming, na wanunuzi wanazijua, ndiyo maana bei yake haianguki haraka. Bei ya kununulia ni kubwa kidogo, ndiyo, lakini rudi kwenye hesabu ya kwanza. Qashqai inatengenezwa hapa hapa Sunderland, spea zake zimejaa na kila gereji inaijua, lakini kwa kuwa zimejaa, anayeuza naye hana nguvu ya kudai bei. Sportage za kuanzia 2010 zilitoka na dhamana ya miaka 7 au maili 100,000, nayo inamfuata mnunuzi wa pili. Toyota inatoa dhamana hadi miaka 10 au maili 100,000, kwa sharti gari lihudumiwe kila mwaka kwa mawakala wake. Dhamana iliyobaki ni fedha; ihesabu.

Yapo pia ya kuogopa. Injini ya PureTech ya lita 1.2, iliyomo kwenye Peugeot 2008 na 3008, ilitoka na mkanda unaozunguka ndani ya oili. Mkanda ukimomonyoka, vipande vyake huziba njia ya oili, na kampuni ilibidi irefushe dhamana yake hadi miaka 10. Giaboksi za CVT nazo zina mafuta yake maalumu na hutaka kubadilishwa kwa wakati. Mwenye gari asipokuonyesha risiti ya kazi hiyo, endelea na safari yako.

Na yale magurudumu manne ya kuvuta, jamani, ya nini? Barking haina tope. Mengi ya magari haya hapa huuzwa pia yakiwa na magurudumu mawili ya kuvuta, sura ni ile ile, uzito ni mdogo, mafuta kidogo, vyuma vya kuharibika vichache. Anayekuona umeshuka harusini hawezi kujua tofauti.

Nayajua majibu nitakayopewa. Kuna atakayesema kuwa jirani yake alisafirisha gari na akapata faida. Sikatai. Aliye na tarehe ya kurudi, mkataba wa kazi umekwisha au nyumba imeshaezekwa, hesabu yake ni nyingine, na nafuu ya forodha ni haki yake. Huyo anunue la petroli, alimiliki kwa zaidi ya miezi 12, atunze kila karatasi, na aangalie umri. Kenya haipokei kabisa mtumba uliozidi miaka 8. Uganda tangu mwaka 2018 imekataa yaliyofikisha miaka 15. Tanzania hupokea, lakini baada ya miaka 8 ushuru wa uchakavu huanza, na baada ya 10 unakuwa mkubwa kama nilivyosema. Gari unalolinunua likiwa na miaka 6 lina miaka miwili tu mkononi mwako. Gari halisubiri siasa zibadilike.

Ninyi wa nyumbani nanyi nawaomba jambo moja. Msituagize magari kutoka Uingereza. Wajapani huyauza yao mapema kwa sababu ukaguzi wao wa lazima, shaken, una gharama, na ndiyo maana mtumba wao umejaa bandarini Dar na Mombasa. Huku barabara humwagwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi hiyo hula chuma cha chini ambacho picha za simu hazionyeshi. X-Trail nyingi zilizouzwa hapa ni za dizeli. Zile mnazoziona huko zimetoka Japani na ni za petroli. Fundi wa Gerezani anaijua ile ya Japani kama anavyolijua jina la mama yake. Ya kwetu ataifungua, atakuna kichwa, atakwambia "hii spea yake hamna." Na siku ya kuuza, mnunuzi naye atakuna kichwa hicho hicho. Mkihitaji gari, tukubaliane kiasi tunachokiweza, liagizwe Japani, nasi tutachangia. Itakuwa nafuu kwenu na kwetu.

Nisieleweke vibaya. Simwambii mtu asirudi, wala asitamani kurudi. Mimi mwenyewe kila asubuhi nafungua habari za nyumbani kabla ya kunywa chai. Ninachosema ni kwamba kutamani ni kitu kimoja na kununua ni kitu kingine. Kwa miaka mitano niliyoishi na lile gari niliendesha hapa maisha ya kule, na yote mawili yalinigharimu. Sasa nina la petroli la magurudumu mawili ya kuvuta, la mwaka 2014. Halina heshima yoyote. Najua linakula kiasi gani kwa mwaka, najua nikiliuza leo Romford nitapewa kiasi gani, na kinachobaki kinakwenda kunakohusika.

Mpwa wangu bado hajaamua. Nimemwambia achukue karatasi aandike tarehe ya kuondoka, siku, mwezi na mwaka. Akiweza kuiandika, mimi mwenyewe nitakaa naye tupige hesabu ya meli na bandari. Akishindwa, tutapiga hesabu ya Milton Keynes.

Wiki ijayo, tukijaaliwa, tutarudi kwenye siasa.